Keria ya Dola Arobaini

Kayaki niliinunua dola mia na hamsini
kwa mwalimu wa hesabu aliyekuwa akihamia Winnipeg.
Rangi ya chungwa, mkwaruzo mmoja tumboni,
na buibui ndani, ambaye hakuhesabiwa kwenye bei.
Imelala nyuma ya nyumba misimu miwili.
Theluji ikaifunika, theluji ikaifunua,
na mimi dirishani nikiosha vikombe
naitazama kama mtu atazamavyo deni.

Ziwa liko kilomita kumi na nne.
Gari langu lina miaka kumi na tisa
na paa laini kama upara wa marehemu mume wangu:
halina reli, halina tundu, halina pa kushika.

Dukani, kijana Tristan, fulana ya kampuni,
akanifungulia kitabu cha picha.
Miguu ya keria bei yake, vyuma bei yake,
vibanio bei yake, kufuli bei yake,
na kipande cha mpira, mama, hiki ni cha lazima,
nacho bei yake.
Akajumlisha. Dola mia saba na kumi, kabla ya kodi.
Nikamwambia: mwanangu, hapo kilemba kimemzidi mvaaji.
Akacheka kwa adabu. Hakupunguza.

Jirani yangu Oskar Pelto,
fundi wa kila kitu ambacho hakufundishwa,
akaja na mirija minne ya sponji, ile ya watoto kuogelea,
ya buluu, miwili imetafunwa na mbwa.
Akaipanga juu ya paa, akapitisha kamba madirishani,
akafunga fundo, na juu ya fundo akafunga fundo,
ndipo tukagundua kwamba tumeifunga na milango.
Oskar ana miaka sabini na mmoja. Aliingia kwa dirisha,
kichwa kwanza, viatu vikiaga mtaa mzima.
Kwenye mwendo wa arobaini kamba zikaanza kuvuma,
mlio mmoja mzito,
kama ng'ombe aliyesahauliwa zizini,
na pua ya kayaki ikageuka taratibu kulia
kana kwamba imeona mtu inayemjua.
Tukarudi. Kwa mwendo wa msiba tukarudi.

Rahisi huvunja upishi, najua.
Lakini ghali haijawahi kunibandikia hata chungu.

Jumanne nikaenda kwa Delphine Moonias,
kwenye kiwanja chake cha magari yaliyokufa.
Safu kwa safu, bila macho, bila magurudumu,
nyasi zikichungulia pale injini zilipokuwa.
Nikapita na futi kamba, sentimita mia moja na nane,
nikiwapima marehemu mabega.
La ishirini na moja, au la ishirini na mbili,
dada wa gari langu, rangi ileile ya majivu,
ubavu umebonyea,
na juu yake, keria.

Nati zilikuwa na kutu. Delphine akazipulizia mafuta,
akangoja, akaipiga spana kofi,
akatukana kidogo, zikakubali.
Chini ya chuma kimoja palikuwa na sindano za msonobari
na utepe mwekundu uliopauka.
Sikuuliza ubavu ule ulibonyezwa na nini.
"Arobaini," akasema. Nikampa hamsini.
Akanirudishia kumi. "Nimesema arobaini."

Leo asubuhi nimeusokota mkanda mara moja,
ndivyo alivyonifunza, upepo usipate kinanda cha kupiga.
Kilomita kumi na nne, kimya.
Nimeteremsha kayaki peke yangu: goti, bega, matusi, mchanga.
Maji yamenyooka hadi kwenye ule mlima ulalao chali.
Nimeingia. Nimeketi. Nimenyoosha mkono.

Kafi liko nyumbani, limeegemea mlango wa nyuma.
Nalijua hata lilivyoegemea.

Buibui, au mjukuu wake, ametoka chini ya kiti,
akapanda ukingoni, akasimama.
Tunaelea, sisi wawili, hatua tatu kutoka nchi kavu.
Sijashuka bado.